Nishani ya Silabi Moja

Shemeji hakuwa shemeji wa mtu. Hakuwahi kuoa, na kama alikuwa na dada, dada hao walinyamaza. Jina alilipata kwa kumwita kila mtu shemeji kabla ya kumtapeli, maana alijua watu hawabani mifuko yao mbele ya jamaa.

Asubuhi hiyo alikuwa kwenye varanda ya mahakama, akisoma gazeti la mwenzake juu ya bega. Ukurasa mzima ulijaa majina ya waliopewa nishani za serikali. Mwenye gazeti alikuwa Wakili wa Magorofa, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kumtetea mtu asiye na ghorofa. Aliyapitia majina mara tatu kwa kidole, kisha akatukana polepole. Mwenzake aliyesoma naye darasa moja alikuwemo. Yeye hakuwemo.

Shemeji akakunja uso kwa majonzi. Akamnong'oneza kwamba yeye ndiye katibu wa kamati ya nishani, na kwamba jina la wakili lilifika mezani kabisa, likakwama kwa kukosa vitu viwili: wasifu wa kiapo na ada ya serikali. Msomaji atashangaa mtu wa sheria kumeza hayo. Asishangae. Tamaa haikusoma sheria.

Wasifu ukapelekwa kupigwa chapa chini ya ngazi, kwa Mama Taipu. Kwa miaka thelathini mama huyo aliwaandikia maskini madai yao, na asiye na kitu aliambiwa alete siku akipata. Hakuna kamati iliyowahi kumuuliza hata jina. Wiki hiyo alikuwa na uchungu wake: mdogo wake alifiwa na mume, mashemeji wa kweli walitaka kumtoa kwenye nyumba, na kesi ilikuwa Jumatatu. Alikwenda kumwomba Wakili wa Magorofa, akajibiwa kwamba ofisi ile haipokei machozi.

Shemeji akamsomea maneno ya kupiga, wakili akisikia: nimewatetea bure wajane wa mji huu.

"Wajane wangapi?" mama akauliza.

"Weka wote, shemeji. Serikali haipendi nusunusu."

Mama akapiga. Wakili akasaini bila kusoma, maana desturi yake ilikuwa kusoma alicholipwa kusoma. Kiapo kikapelekwa kwa hakimu, naye alipokipitia alivua miwani, akasimama, akampa mkono. Akasema tangu akalie kiti kile hajaona moyo wa namna hiyo, akagonga muhuri, akaamuru nakala ibandikwe mlangoni. Wakili akavimba kichwa.

Ikabaki bahasha ya ada. Shemeji akanyoosha mkono.

"Si ulisema ni ada ya serikali, baba?" Mama Taipu akauliza kwa heshima zote.

"Ya serikali, ndiyo."

"Basi dirisha la serikali ni lile pale. Twende wote."

Wakili akaona ni jambo la busara, akaitoa dirishani kwa mkono wake, kisha akageuka kuweka tai sawa kwenye kioo. Karani akauliza ni ada ya nini. Mama akajibu ni ya kufungulia kesi za wajane, kama kiapo kinavyosema. Shemeji alisikia vizuri sana, lakini katibu wa kamati atasemaje serikali isilipwe? Mama akamkabidhi Shemeji stakabadhi, akamwambia aitunze. Ndiyo pekee aliyoondoka nayo.

Jumatatu wakili akakuta foleni ya wanawake mlangoni kwake, wa kwanza akiwa mdogo wake Mama Taipu. Kila mmoja alishika nakala ya kiapo. Akaisoma kwa mara ya kwanza: *Nitawatetea bure wajane wote wa mji huu.*

Akashuka mbio hadi chini ya ngazi. "Mama, ilikuwa nimewatetea!"

"Kidole kiliteleza, mwanangu. Twende kwa hakimu tukamweleze kwamba hukuwahi kumtetea hata mmoja?"

Wakili akafikiri. Kisha akauliza kesi ya mdogo wake mama inasikilizwa chumba namba ngapi.

Mjane akabaki na nyumba yake. Wengine wakafuata, na mwaka wa tatu serikali ikamwandikia wakili barua, ya kweli safari hii, ikitaka wasifu wake. Akarudi chini ya ngazi. Mama alipomaliza kuupiga, akausoma neno kwa neno, hadi alipofika kwenye *nimewatetea bure wajane*. Aibu ikamshika. Akamuuliza mama yeye nishani yake atapewa lini.

"Serikali haijui kama chini ya ngazi kuna mtu," mama akasema, bila kuinua macho. "Saini hapo. Hiyo *me* ni yako. Nilikutunzia tu mpaka uifanyie kazi."