Sauti Isiyokuwamo Kwenye Gitaa la Anania

Jumatatu, 2 Agosti 1954. Nanyala.
Anania kaniaibisha mbele ya bendi nzima. Ati sauti yangu pale kiitikio kinapopanda haimo kwenye gitaa lake. Akabonyeza uzi kwenye kichuma kimoja cha shingoni mwa gitaa: nimekipita. Akabonyeza kinachofuata: sijakifikia. Nimesimama katikati, siingii wala sitoki. Mbona mama aliimba hivyohivyo tukichuma kahawa? Amenipa hadi Jumamosi, harusi ya Aida kule kijijini Ruanda. Nisipojirekebisha, ataimba yeye. Anania aimbe! Hata chafya yake haina sauti.

Jumanne, 3 Agosti.
Nimekwenda kwa Mika mwenye duka, aniwekee santuri tuliyojifunzia wimbo wetu. Nimesikiliza mara tisa. Nimeiga kila kitu. Anania atanikoma.

Jumatano, 4 Agosti.
Aibu tupu. Kumbe springi ya gramafoni ya Mika imechoka, wimbo unashuka taratibu hadi mwisho. Nami mazoezini nikashuka vivyo hivyo. Anania alilegeza nyuzi mara mbili anifuate, kisha akagoma. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini.

Alhamisi, 5 Agosti.
Nimefikiri sana. Kama sauti yangu haimo kwenye gitaa, mwenye kosa ni gitaa. Anania alilileta toka Ndola alipokuwa mgodini. Aliyelitengeneza hajafika huku Mbozi, angejuaje tunavyoimba? Anania alipokwenda shambani nikaingia kwake na koleo. Nikang'oa kichuma, nikakisogeza kiasi cha punje ya mchele. Nikapiga uzi mmoja. Sauti yangu kabisa. Machozi yalinitoka.

Jumamosi, 7 Agosti. Ruanda.
Kiitikio kikapanda, uzi wangu ukanijibu sawasawa. Ila kichuma kile kinapita chini ya nyuzi zote sita, jambo ambalo sikulifikiria. Hizo tano zikalia kama mbuzi aliyefungiwa nje. Wageni wakaziba masikio. Anania akalilaza gitaa chini, karibu alie. Nikajua nimekwisha.

Ndipo Roda, shangazi wa bibi harusi, akaniambia niendelee bila hilo dude. Wanawake wakaniitikia, wote wakatua pale pale katikati nilipo mimi. Tulicheza mpaka ua mzima ukawa vumbi. Shangazi akasema sauti hiyo wamezaliwa nayo, haidai gitaa lolote, basi niimbe tu na vyombo vya watu niviache. Anania akanipa mkono, uimbaji ni wangu. Akauliza gitaa limepatwa na nini. Nikamwambia ni baridi ya Mbozi. Akaamini, maskini.

Jumapili, 8 Agosti.
Nina furaha kupita kiasi. Leo kanisani nimeimba kwa nguvu zote, nikagundua kinanda nacho hakinifikii. Ugonjwa uleule. Nyuma kina ubao wenye skrubu nne tu, na sauti zake zinatoka kwenye vichuma vya ndani. Mchungaji Enoka anakwenda Chitete kesho, harudi kabla ya Alhamisi. Fundi Hezron ameniazima bisibisi na tupa ya kukwangulia chuma, wala hakuuliza za nini.