Gurudumu la Simbi la ToLiplip

Sisi wa Kokopo, visiwani huku, hujiona wajanja sana, hasa akishuka mzungu mwenye pochi. ToLiplip, bingwa wetu, ndiye aliyemwahi Bwana Lothar sokoni, akiulizia gurudumu la simbi, zile fedha zetu za jadi zilizotungwa kamba na kuviringwa, la kutundika ukutani kwake Uswisi.

Wachuuzi walicheka hadi popoo walizotafuna zikawatoka mdomoni. Nani auze mali ya msiba? Gurudumu mtu hulijaza maisha yake yote, likatwe siku ya matanga, kila mwombolezaji aondoke na kipande.

"Mimi ninalo," akasema ToLiplip, na kidogo ajiamini mwenyewe.

Alipokea arubuni nono. Akatafuta tairi la lori, akalivika tabaka moja la simbi za kweli, akalifunga kwa majani ya mkadi. Kisha akalitundika kwa mama yake mdogo, IaVarpin, ili mzungu alikute mahali pa heshima. Mtaa mzima ulikuja kulitazama, naye akatembea kifua mbele kama tajiri.

Asubuhi ya mauzo vikasikika vilio. Mjomba ToPirit, kaka wa mama yake, amefariki.

"Pole, mwanetu," wazee walimshika mkono. "Wapwa wengine huleta vijipande. Wewe, gurudumu zima!"

ToLiplip akapiga hesabu. Shoka likigonga mpira mbele ya ukoo, hata wajukuu zake wataitwa Tairi. Akamkimbilia mama mdogo jikoni.

"Mama, nimekwisha!"

"Najua." IaVarpin, macho mekundu kwa kilio, hakuacha kukuna nazi. "Nilipolipangusa tu, likanuka gereji. Kaka yangu hakatiwi tairi. Simbi zangu zipo, nakuuzia."

"Unaniuzia? Mimi mwanao?"

"Ungekuwa mtoto wa jirani ningekuchaji zaidi. Lete arubuni yote, na pikipiki yako."

Akabembeleza, akaapa, akapiga magoti. Mama akaendelea na nazi yake. Mwishowe ToLiplip akaleta vyote, wakatoa tairi na kujaza simbi za kweli.

Siku ya matanga shoka likashuka, simbi zikamwagika, ukoo ukashangilia. Kipande kirefu kuliko vyote wazee walimpa dada wa marehemu, ambaye ni nani kama si IaVarpin? Alikipokea kwa adabu zote, funguo za pikipiki zikilia kibindoni.

Bwana Lothar, aliyealikwa matangani, naye alikatiwa kipande cha urefu wa mkono. Alifuta machozi.

"Sasa nimeelewa, rafiki yangu. Kitu kama hiki hakiuzwi. Nilikuwa mpumbavu. Nirudishie tu arubuni yangu, yaishe."

ToLiplip, aliyeweza kumuuzia samaki bahari, aliangua kilio, kilio cha kweli, cha kamasi na mabega, akajitupa chini mbele ya watu wote. Wanawake wakamzunguka, wakalia naye.

"Maskini," wakaambiana. "Kumbe alimpenda mjomba wake hivi!"