Pipi Mia Moja kwa Meza ya Huguette

Jumatatu, 24 Machi
Barua kutoka kamati ya parokia. Meza ya marehemu mke wangu Huguette kwenye sherehe ya masika itabaki yangu nikifikisha pipi mia za vijiti, za shira ya utomvu wa mti wa mepo, asubuhi ya Jumapili. Nisipofikisha, anapewa Ghislaine. Ghislaine! Mdogo wake Huguette, anayemimina shira kwenye vibati vya umbo la jani na kujiona msanii. Huguette aliisimamia meza ile, ya karibu na mlango, miaka thelathini na mmoja. Siitoi.
Ghislaine alipita jioni. Eti shemeji, wewe hata yai unaliunguza. Nikamwambia yai si shira.

Jumanne, 25 Machi
Nimeichunguza mbinu ya marehemu. Nilimpenda, lakini ni kichekesho. Kisufuria chenye mpini ulioungua. Pipi kumi na mbili kwa mpigo! Mia moja ni mizunguko tisa. Na juu ya jiko, kipande cha mafuta ya nguruwe kikining'inia kwa uzi, eti povu la shira likikigusa linanywea. Ushirikina wa mabibi. Miaka ishirini na sita nimefanya kazi kiwanda cha mbao. Hatukupasua ubao mmoja tukaenda kupumzika.
Nimeazima kwa jirani Réjean sufuria la lita ishirini. Uzi nimeukata.

Jumatano, 26 Machi
Dakika nne za utulivu. Kisha povu! Likapanda, likavuka ukingo, likafunika jiko, likashuka sakafuni. Ndara zangu zimegandia pale pale. Nimeziacha, nimetoka na soksi.
Réjean alichungulia dirishani akauliza kama napika au natengeneza barabara. Mpumbavu.
Kosa ni la jiko.

Alhamisi, 27 Machi
Nimefunga uzi mpya na mafuta. Si kwamba naamini. Povu likagusa, likashuka. Bahati tu.
Nikadondosha tone la shira kwenye theluji nje ya mlango: likavunjika kama kioo. Tayari! Nikaanza kumimina juu ya vijiti. Kufika cha kumi na tisa, upawa ukagoma. Shira yote iliyobaki imegandia sufuriani, na upawa umesimama katikati kama nguzo ya umeme. Nikiuvuta, sufuria lote linanyanyuka.
Pipi kumi na tisa. Kosa ni la upawa.

Jumamosi, 29 Machi
Jana sikuandika. Nilikuwa nagonga sufuria kwa patasi.
Leo Ghislaine kaingia bila hodi. Akaliona sufuria, akacheka mpaka akatafuta kiti. Akauliza, shemeji, huo upawa umeupanda uote? Kisha akasema dada yake hakuwa mjinga: pipi kumi na mbili ndizo mkono unazoziwahi kabla shira haijaganda. Na yeye Ghislaine alijiandikisha kwa kamati ili meza isiangukie kwa mgeni. Nikaiweka patasi chini.
Akakitungua kile kisufuria kwenye msumari. Yeye anamimina, mimi napanga vijiti. Mizunguko saba. Shira inapokaribia kuiva, anakunja mdomo upande mmoja, kama Huguette. Nikawa natazama vijiti.

Jumapili, 30 Machi
Pipi mia moja na tatu! Meza ni yetu. Kufika adhuhuri haikubaki hata moja. Kizee kimoja kikainusa ya mwisho, kikasema hii ni ya Huguette.
Réjean akaniuliza siri yangu. Nikamweleza kwa kirefu: mpangilio, hesabu, uzoefu wa kiwandani. Ghislaine, pembeni yangu, alikohoa sana. Anapaswa kumwona daktari.
Tatizo nimeshaligundua. Upawa ulikuwa mmoja. Mwakani ni pipa la lita sitini na pawa nne. Réjean analo pipa. Nimepima mlango wa jikoni, litapita nikiung'oa.
Kisufuria nimekiosha na kukirudisha kwenye msumari wake. Hakina kazi tena. Kisha nikakishusha, maana nilisahau kuufuta mpini, pale Huguette alipozoea kukaza kidole gumba. Nimeufuta mara mbili.
Uzi nimeukata.