Sifuri Nne

Jumatatu, 3 Juni 2013
Baba mkwe, Mzee Shabani, kaja kutoka Ngaramtoni. Amesema gari lake alilonipa kuendesha, ikifika Jumamosi halijapata kazi, analichukua. Kalisema hilo taratibu, huku anakunywa chai yangu. Bahati nzuri kazi ipo. Mama Tabea, meneja wa shamba la maua Usa River, anatafuta gari la kumpeleka na kumrudisha kila siku. Sharti lake moja: simu isikike kwenye spika za gari, maana wanunuzi wanampigia njia nzima. Tatizo ni Ephraimu, jirani yangu wa ukuta mmoja hapa Sakina. Naye anaitaka kazi hiyo. Redio yake ina Bluetooth. Anaitaja hata kwenye salamu.

Jumanne, 4 Juni
Nimeenda kwa Tarlochan, muuza redio za magari. Kabonyeza mara mbili tu, akasema redio yangu haina Bluetooth na haijawahi kuwa nayo. Yenye nayo ipo kwake rafuni. Biashara hizo nazijua. Redio yangu imeandikwa Kijapani kitupu. Yeye Kijapani kakisomea wapi?

Jioni nimeegesha ukutani, nikawasha redio, nikatafuta kwenye simu. Jina likatokea lenyewe: CAR BT. Ikataka namba ya siri. Nikaweka sifuri nne, zile za kiwandani. Imeunganishwa! Nikamwita mke wangu Kauthar aone. Kaona. Kauliza mbona kimya.

Jumatano, 5 Juni
Bado kimya. Nimeweka taarabu, sauti mpaka mwisho. Hakuna kitu. Itakuwa spika. Nimezing'oa zote nne, nikazianika juani, nikarudisha tatu. Ya nne imegoma kuingia.

Wakati huohuo, ng'ambo ya ukuta, Ephraimu karuka nje ya gari lake akikemea. Anasema redio imeanza taarabu yenyewe, tena katikati ya mahubiri. Ni mlokole, gari lile mchungaji alilipaka mafuta wiki ile lilipotoka bandarini. Nimempa pole. Moyoni nimefurahi mno. Gari lenye mapepo Mama Tabea hapandi.

Alhamisi, 6 Juni
Mpango tayari. Kesho Mama Tabea anakuja kujaribu magari yote mawili. Nitamwambia breki za Ephraimu zilishawahi kumtupa kwenye migomba kule Tengeru. Si kweli, ila inawezekana. Kisha saa nne kamili, mama akiwa kwangu garini, Kauthar atanipigia ili spika ziongee. Kauthar kasema hataki uongo. Nimemwambia uongo nitasema mimi, yeye apige tu.

Ijumaa, 7 Juni
Mama Tabea kaanza na Ephraimu, na akakawia. Saa nne walikuwa bado wamo ndani ya gari lake, ubavuni kwangu barabarani, vioo vimefungwa. Kauthar akapiga. Nikapokea. Kimya. Nikasema halo mpaka koo likakauka. Ephraimu akageuka kunitazama. Mama Tabea naye. Walinitazama muda mrefu.

Kauthar kanieleza baadaye, analia. Simu ilipopokelewa aliuliza kama nimeshamdanganya yule mama habari za breki. Sauti ya kike ikamjibu kwamba bado, ila inasubiri. Akajikuta anaamkia shikamoo. Mama Tabea akaitikia marahaba, akamwuliza yeye ni nani, na Kauthar, kwa malezi aliyolelewa, akaeleza yote kuanzia Jumatatu.

Kazi kapata Ephraimu. Kesho gari linaondoka. Nimeumia, sifichi.

Jumamosi, 8 Juni
Nimetafakari. Kosa ni la Kauthar. Angesubiri asikie sauti yangu kwanza. Bluetooth yenyewe haina ubaya. Kama inavuka mpaka gari la pili, basi ni kali kuliko nilivyodhani.

Mzee Shabani kafika saa tatu na pikapu yake mpya, kaegesha nyuma yangu. Bado amekaa ndani, anasikiliza taarifa ya habari. Nimeona nimwonyeshe gari lake lina nini. Nimefuta jina la zamani, nikatafuta upya. Limetokea jingine. Sifuri nne. Limekubali mara moja. Nikampigia Kasaine, dereva mwenzangu, kujaribu. Kasaine kila nikimpigia huanza kwa kuuliza kama yule mzee bahili bado yupo hai. Leo sikumsikia akiuliza. Kimya tena.

Ila mzee kashusha kioo, ananiita. Siku zote huniita mwanangu. Leo kaniita Uwesu, na jina la baba juu yake. Heshima imepanda. Nadhani gari linabaki.