Nyungo Arobaini

Gaudens hakuwa mwizi. Mwizi huruka ukuta, na yeye goti lake la kushoto halikumruhusu. Aliingia kwa mlango wa mbele, akakaribishwa, akapewa maji ya kunywa, na mara nyingi mwenye nyumba mwenyewe alimsaidia kubeba vitu mpaka nje.

Kazi yake iliitwa kuflashi. Umechoka kulipia kifurushi kila mwezi? Injinia Gaudens anafika na kizibao chake chenye mifuko kumi na miwili, anachukua dishi lako na king'amuzi chako, anavipeleka maabara, na kesho yake unaanza kutazama televisheni bure mpaka kiama. Hiyo kesho ndiyo watu wa Tandika na Kigogo walikuwa bado wanaingoja. Vitu vyao vilikuwa vimeshapata wenyewe wengine.

Siku moja, akipita Chang'ombe, alimwona mama mmoja mtu mzima kibarazani akiigonga rimoti kwenye goti. Gaudens alipunguza mwendo. Mwenye picha haigongi rimoti.

"Shikamoo, Bibi. Kifurushi kimekata?"

"Marahaba, mwanangu. Tangu juzi. Mie nalipia picha kama mtu anayelipa kodi ya nyumba, na nyumba yangu mwenyewe!"

Huyo ndiye Bi Hamisa, mzaliwa wa hapohapo, mjane mwenye wapangaji sita na sauti ya kuwatosha. Gaudens alimshushia somo lote: masafa, setilaiti, maabara, bure. Neno bure alilitamka taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji.

"Bure kabisa?" Bi Hamisa akauliza.

"Kabisa, Bibi. Niachie tu ungo wako na king'amuzi." Gaudens alipenda kusema ungo. Dishi ni neno la kila mtu, ungo ni neno la injinia.

"Sie hatuuziwi mbuzi kwenye gunia, mwanangu. Nifungie dishi la kwako kwanza, nione picha. Ikija, nakuitia wenzangu wote. Nina kina mama arobaini mie, tunazikana na kuozeshana. Wote vifurushi vimewatoa roho."

Arobaini. Gaudens aliona gari dogo la mizigo limejaa madishi mpaka juu. Akasema atarudi kesho, na safari hii alimaanisha.

Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa na dishi moja tu duniani, nalo lilikuwa juu ya bati la nyumba yao Mabibo, na mwenye mamlaka nalo alikuwa mkewe, Margareta. Kila siku saa kumi jioni Margareta alitazama tamthilia ya bwana aliyeoa dada wawili bila wenyewe kujua. Ilikuwa imebaki wiki moja iishe.

"Ulichukue dishi langu ulipeleke wapi?" Margareta aliuliza. "Gaudens, dishi lako la kichwani limeyumba? Umerukwa na akili?"

"Naliazima tu, Mama Ansbert. Jumamosi mchana liko hapa."

"Jumamosi saa kumi ndiyo sehemu ya mwisho. Nimekuvumilia kwa mengi, baba. Simu za wenye vitu vyao napokea mie, matusi nasikiliza mie. Nikiikosa hiyo, narudi Bukoba, na mtoto naondoka naye."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtia Gaudens baridi. Alimpenda mkewe. Ulaghai wote alioufanya mjini alijiambia anaufanya kwa ajili yake, ingawa Margareta hakuwahi kumwagiza.

Kesho yake alifika Chang'ombe na dishi begani. Kabla hajapanda juu, Bi Hamisa akamwambia, "Hebu nilione." Akalipokea, akaligeuza, akalifuta vumbi upande wa nyuma kwa ncha ya kanga, akalitazama sana.

"Zuri," akasema, akamrudishia.

Gaudens akapanda. Alilifunga kwa nati moja badala ya nne, maana Jumamosi alikusudia kulifungua upesi. Bi Hamisa alisimama dirishani, akamwongoza kama wanavyofanya wote.

"Imekuja! Aa, imekwenda. Rudisha. Imekuja! Hapohapo!"

Picha ilikuwa safi. Chaneli hizo zilikuwa za bure tangu asili, yeyote aliyeligeuzia dishi lake upande huo angezipata, lakini Gaudens hakuona sababu ya kumchosha mama wa watu na habari hizo.

"Basi Jumamosi, Bibi, baada ya adhuhuri. Waambie kila mmoja aje na ungo wake. Nitakuja na gari kuzipeleka maabara zote kwa mkupuo."

"Waje na nyungo?" Bi Hamisa akauliza.

"Nyungo."

"Zote arobaini?"

"Hata hamsini, Bibi."

"Haya. Umesema mwenyewe."

Jumamosi Gaudens alikodi kirikuu, kile kigari cha mizigo, cha kijana mmoja aitwaye Talha, akamwahidi malipo mazuri mzigo ukishauzwa. Foleni iliwachelewesha hadi karibu saa kumi. Walipokata kona ya kwa Bi Hamisa alisikia vicheko vya wanawake wengi, moyo ukamtulia. Watu wanaocheka huwa hawaulizi maswali.

Uani kulikuwa na turubai, mikeka, na kina mama arobaini. Kila mmoja alikuwa na ungo wake. Ungo wa ukindu, wa kupepetea mchele. Makapi yalikuwa yanapepea hewani, magunia manne yamefunguliwa, na televisheni imetolewa nje, imewekwa juu ya meza.

"Karibu, injinia!" Bi Hamisa akaita. "Mjukuu wangu Najat anaolewa kesho, leo ndiyo tunapepeta mchele. Nyungo zako hizo. Arobaini na moja, nimekuzidishia."

Gaudens aliuhesabu huo mmoja wa ziada kwa macho. Ulikuwa umepakatwa na mwanamke aliyekaa mbele kabisa ya televisheni. Alikuwa Margareta.

"Mama Ansbert," akasema.

"Shika adabu, baba, tamthilia inaanza."

Bi Hamisa alimweleza bila haraka. Mwanamke wa shughuli akishika chombo, kitu cha kwanza hukigeuza. Kila anayeazimisha sufuria yake harusini huiandika jina kitakoni kwa rangi ya kucha, isije ikahamia kwa jirani. Na Margareta, aliyewahi kupoteza sufuria tatu kwenye sherehe ya kipaimara, alikuwa anaandika kila kitu. Nyuma ya dishi palisomeka kwa rangi nyekundu: MAMA ANSBERT, MABIBO, na namba ya simu. Gaudens alikaa na dishi hilo miaka minne bila kuona. Mwanaume haangalii kitako cha chombo.

"Nikapiga simu," Bi Hamisa akasema. "Tukaongea mpaka salio likaisha. Dishi kaniazimisha mkeo mwenyewe mpaka harusi ipite. Mambo ya Tandika na Kigogo pia kanieleza."

Nyungo arobaini na moja zilisimama.

"Sasa chagua, mwanangu. Mie nikiita mwizi hapa Chang'ombe, watakuja mbio. Au uanze kurudisha vya watu, kimoja kimoja, na mkeo atanipa hesabu."

"Nitarudisha, Bibi."

"Na hicho kirikuu?"

Gaudens aligeuka. Talha alishaanza kupakia kabati la bibi harusi la kwenda Mbweni kwa bwana harusi. "Bosi, nimeambiwa umekodi mpaka magharibi," akasema.

Hapo upepo ukavuma kidogo. Nati ni moja tu. Juu ya bati dishi likatikisika, na bwana mwenye wake wawili akagandia kwenye kioo, mdomo wazi, akiwa ndiyo kwanza anataka kuungama. Kina mama wakapiga yowe. Margareta hakupiga yowe. Alimtazama mumewe tu, na Gaudens akaiona Bukoba yote ndani ya macho yale.

Akapanda, na goti lake hivyo hivyo. Alipapasa mifuko yote kumi na miwili, hakukuwa na nati hata moja. Akalishika dishi kwa mikono miwili.

"Imekwenda!" wakapaza sauti kutoka chini. "Rudisha! Imekuja! Hapohapo, usisogee!"

"Mpaka lini?" akauliza.

"Mpaka iishe," Margareta akajibu. Halafu akaongeza, "Ukishuka nimekuwekea pilau."

Gaudens akalikumbatia dishi kwa nguvu mpya. Jua la saa kumi lilimpiga utosini, hakutikisika. Kule barabarani Talha, akifunga kabati kwa kamba, alimwuliza jirani aliyesimama pale, "Yule bosi wangu juu ya bati kapatwa na nini?"

Jirani akatazama juu, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Dishi limeyumba."