Jani la Kuungamia

Jumatatu, 4 Machi
Nimeua. Si mtu. Ni bakteria wa kijani wa maabara, mamilioni, waliokuwa wakiishi kwenye chupa dirishani. Kabla ya likizo niliwaonea huruma kwa jua lile. Nikawafungia kabatini, penye giza na ubaridi. Wiki mbili. Leo ni maji ya kahawia yanayonuka soksi. Sikujua kwamba wanaishi kwa mwanga. (Nilijua. Swali lake lilikuja kwenye mtihani, nikapata.)

Ufunguo wa kabati hukaa kwa Mrefu, jirani yangu wa dawati. Aliniazima siku ile. Kwa hiyo anajua. Hajasema. Mwalimu wa baiolojia katangaza kwamba mhusika asipojitokeza kufikia Ijumaa, Mrefu anatoka klabu ya sayansi. Klabu ndiyo maisha yake. Nikafungua mdomo. Hewa tupu. Nasomeshwa kwa lugha mbili, na zote mbili hunikaukia kooni.

Jumanne, 5 Machi
Nina mpango. Jani litasema badala yangu.

Jani hushika mwanga, likaunganisha maji na hewa, likapata sukari, ya ziada likaiweka akiba iwe wanga. Ukilichemsha kwenye spiriti likapauka, kisha ukalidondoshea iodini, penye wanga panakuwa bluu nyeusi. Palipofunikwa hapabadiliki. Basi nimekata herufi za karatasi nyeusi: NI MIMI. Ijumaa kila dawati linapima jani lake mbele ya darasa. Watasoma wenyewe.

Kwanza jani limalize akiba yake ya zamani gizani. Ua la shangazi liko chini ya kitanda changu.

Jumatano, 6 Machi
Shangazi kaligundua akifagia. Kaniuliza ua limenikosea nini hadi nilifunge jela. Kalirudisha juani, kalimwagilia, kalipa pole. Nimebembeleza hadi jioni. Kakubali usiku mmoja na nusu siku, likifa nitafute pa kulala.

Alhamisi, 7 Machi
Limetoka saa sita likiwa hai. Nimebana herufi kwa vibanio vya nguo (shangazi anavidai). Nimekaa nalitazama hadi jua likazama. Limetulia tu. Halinyanyui mkono, halijisifu, na humo ndani linapasua maji na kutuachia hewa tunayovuta. Wale bakteria nao walifanya kazi hiyohiyo bila hata jani. Dunia nzima inalishwa na wanyamavu. Nimejisikia nina ndugu.

Ijumaa, 8 Machi
Limekubali! (Jana jua lilipozama nililichuma na kulichovya maji ya moto, lisije likala akiba usiku.) Bluu nyeusi kote, na katikati NI MIMI, safi kama chapa. Darasa zima likaja kuchungulia. Mwalimu akavaa miwani, akasoma. Kisha akamgeukia Mrefu, akamwambia ameungama kiungwana, lakini klabu basi.

Sikuweka jina, na dawati ni letu sote wawili.

Mrefu akatazama viatu vyake. Akaanza kufunga begi. Mimi nikajikuta nimesimama, kiti kimeanguka nyuma yangu. Nikasema ni mimi. Mwalimu akauliza mimi nini. Nikamwaga yote: huruma, kabati, likizo. Sauti nyembamba kama uzi, lakini ilifika.

Mrefu kabaki klabuni. Mimi nitaosha vyombo vya maabara mwezi mzima, na nimekabidhiwa chupa mpya ya bakteria niilee nyumbani. Tukitoka, Mrefu akaniambia, “Mzee, si ungesema tu tangu Jumatatu? Maneno mawili.” Halafu akasema hajawahi kuona kitu kizuri kama lile jani.

Jumapili, 10 Machi
Bado sijamshukuru Mrefu. Ningeweza kumwambia kesho, tunakaa kiwiko kwa kiwiko. Ila jirani wa nyumbani kanipa mche wa boga, majani mapana kama sinia. Sentensi nzima inaenea. Safari hii na jina naweka.

Shida ni dirisha, lina nafasi ya kitu kimoja tu. Chupa ya bakteria nimeisogeza kabatini. Siku mbili tatu tu.