Taya Langu Ndilo Shahidi

Jumatatu, 2 Juni 2025

Dorotea anataka binti yetu Precious avalishwe waya za kunyoosha meno. Mke wangu kasahau kwamba kaolewa na ushahidi! Mimi nilivalishwa waya hizo utotoni, na leo, mvi zimeingia, taya linalia ka! kila nikipiga mwayo. Akajibu kwamba taya bovu halishindi sokoni Kirumba kutwa nzima likibishana na wauza samaki. Precious akacheka, kiganja mdomoni. Huziba hivyo kila mara, kuficha meno. Nikatazama pembeni.

Jumanne, 3 Juni

Mpango! Ijumaa Precious anapelekwa kwa Daktari Evelina. Nitakaa kitini kwanza mimi, taya lilie, waya zifutwe. Tatizo: leo limegoma. Mwayo, kimya. Mwayo, kimya. Msaliti! Nimenunua matobolwa, vile viazi vya kuchemshwa na kukaushwa hadi vikawa kama magome. Natafuna bila maji.

Alhamisi, 5 Juni

Bado natafuna. Shemeji Chenge kapita, akauliza kama dada yake ameacha kupika au mimi nimehamia zizini. Akaongeza kuwa ng'ombe angalau hucheua akiwa amenyamaza. Hana adabu. Lakini jioni: ka! Ka! Nimelala kwa raha.

Ijumaa, 6 Juni

Lililia vizuri mno. Daktari akanipapasa mbele ya masikio, akanifungua mdomo, akanifunga, akauliza nimekuwa nikitafuna nini. Nikakiri. Akasema mdomo unafunguka sawasawa, meno yanakutana, taya zima kabisa. Kulia bila maumivu huwapata wengi, waliovaa waya na wasiovaa. Uzushi! Nikadai apime mtu asiyewahi kuvaa. Akamwomba Dorotea, aliyesimama kando na Precious, apanue mdomo.

KA! Kama kuni kavu.

Nilirudi nyumbani Ilemela nimelishika taya. Dorotea akauliza kama naumwa.

Jumapili, 15 Juni

Precious ana waya tangu juzi. Meno yanamuuma kidogo, kwa hiyo sote tumekula ugali laini na sato wa mchuzi. Mtamu! Kacheka mezani, mikono yote miwili kwenye sahani. Nikaongeza mchuzi, nikafurahi kimyakimya.

Na nimepata jibu! Dorotea hakuvaa waya, lakini taya linalia. Maana yake ni moja: ugonjwa unaambukiza. Mimi niliupata kwa waya, yeye kwangu. Precious akasema basi nikae naye karibu, nimwambukize na meno yangu yaliyonyooka.

Hoja nzito. Nimeiweka aya ya kwanza ya makala ninayoanza kuandika kupinga waya.